Usililaumu kopo: kwanini banjo moja la ndoo linaimba na lingine linakohoa

Mpwa wangu wa darasa la sita alikuja kwangu Chang'ombe ya hapa Dodoma na mabanjo mawili, yote kayatengeneza mwenyewe, yote kwa kopo za rangi za lita 4 za aina moja, shingo za chaga za kitanda, nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Ukiyalaza chini huwezi kuyatofautisha. Sasa yapige. Moja linatoa sauti kali, safi, mpaka jirani anachungulia dirishani, lingine linatoa "pu, pu, pu" kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Akaniambia, "Mjomba, hili kopo ni bovu, nitafutie lingine."

Nikamwambia kaa kwanza mwanangu, kopo halina shida. Tukakaa nalo barazani jioni nzima tukalifungua, na makosa tuliyoyakuta yalikuwa matatu na kopo halimo hata kwenye moja. Naandika hii kwa urefu mana nimeshaona watu wazima kabisa wakitupa kazi ya wiki nzima kwa sababu wanaamini kifaa cha kuokota hakiwezi kutoa sauti ya maana, afu wanaenda kutafuta kopo jipya wanarudia makosa yale yale matatu.

Tuanze na uzi wenyewe. Chukua waya mmoja, ufunge kwenye misumari miwili iliyopigiliwa kwenye ukuta wa tofali, ukaze, upige. Husikii kitu, labda ukiweka sikio karibu sana. Uzi unacheza vizuri tu, tatizo ni mwembamba, unapita kwenye hewa kama sindano inavopita kwenye kitambaa, hewa haisukumwi. Ili hewa ya chumba kizima itikisike unahitaji kitu kipana kinachopokea ule mtikisiko kutoka kwenye uzi na kuusukuma nje. Kwenye gitaa kitu hicho ni ubao wa mbele. Kwenye banjo na kwenye zeze ni ngozi, na kwenye haya ya mpwa wangu ni kitako cha kopo chenyewe. Na kati ya uzi na ngozi kuna kijiti kimoja kidogo ambacho watu wengi wanakichukulia poa sana, mafundi wanakiita daraja, na jina limekaa sawasawa kabisa mana sauti yote inapita juu yake ikitoka ng'ambo ya uzi kwenda ng'ambo ya ngozi.

Kwaiyo safari ni uzi, daraja, ngozi, hewa. Banjo likikohoa, sauti imefia njiani sehemu mojawapo kati ya hizo.

Kwenye banjo la mpwa wangu ilikuwa inafia mara tatu. Kwanza daraja lake lilikuwa kipande cha mninga kinene kama kidole gumba. Alifikiri kikiwa kinene kitakuwa imara, na imara kilikuwa, ila mninga ni mti mzito na uzi mwembamba hauna nguvu ya kutikisa gogo. Daraja la banjo la kiwandani lina uzito wa gramu 2 hivi, basi. Shika sarafu ya shilingi 50 mkononi, hata hiyo ni nzito kuliko daraja zuri. Tukachonga lingine kwenye kipande cha mti mwepesi mkavu, jembamba juu, lenye miguu miwili chini na katikati tumeliondoa kama upinde wa mlango, na hapo hapo kabla hatujagusa kitu kingine sauti ikaongezeka karibu mara mbili kwa sikio langu.

Kosa la pili, daraja lilikuwa katikati kabisa ya duara. Hapa yeyote aliyewahi kupiga ngoma ataelewa bila hesabu. Piga ngoma katikati inasema "du", piga karibu na ukingo inasema "ta". Ngozi ile ile, mkono ule ule. Katikati unaiamsha ngozi ipande na kushuka yote kwa pamoja, sauti inakuwa nzito na ya chini, ile mitikisiko mingine midogo midogo ya pembeni ambayo ndo inaleta ukali na uhai wa sauti inabaki imelala kwa sababu katikati ya ngozi penyewe hapachezi wakati wa mitikisiko hiyo. Sogeza daraja kuelekea upande wa chini, kama theluthi ya duara kutoka ukingoni, unapata vyote viwili.

Kosa la tatu ndo lilikuwa baya kuliko yote na huwa halionekani kwa nje. Ule mti wa shingo ulikuwa unapita ndani ya kopo kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hivo ndo inavotakiwa, ila aliutoboa tundu juu mno, kwaiyo mti ulikuwa unagusa bati la mbele kwa ndani. Hebu piga ngoma huku mwenzio kaweka kiganja juu ya ngozi. Ndicho kilichokuwa kinatokea. Tukachimba ule mti kwa patasi sehemu inayopita ndani, tukaacha nafasi ya upana wa kidole, na banjo likaacha kukohoa.

Kwanini shingo ipite ndani mpaka itokee upande wa pili? Kwa sababu ya mvuto. Gitaa la nyuzi sita za chuma likishatyuniwa, nyuzi zake zinavuta kwa jumla kama kilo 70. Banjo la nyuzi nne nyembamba litavuta labda kilo 20 mpaka 25, yaani nusu mfuko wa saruji unaning'inia kwenye kopo la bati mchana na usiku. Ukiipigilia shingo kwenye ukuta wa kopo kwa misumari itashika wiki moja, afu bati linaanza kukunjika taratibu na nyuzi zinashuka kila siku na wewe unadhani vigingi vinateleza. Mti ukipita wote, nyuzi zinafungwa kwenye mti ule ule juu na chini, kopo linabaki na kazi ya kubeba ngozi tu. Chaga ya kitanda cha futi nne ina urefu wa sentimita 120 hivi, inatosha na inabaki. Kama ni nyembamba gundisha mbili kwa ile gundi nyeupe ya maseremala, zibane usiku mzima, lakini hakikisha ni kavu na hazijapinda, shika ncha moja weka jicho angalia kama unalenga bunduki.

Hapa niseme jambo moja ambalo linaniuma kidogo. Watu wakimwona mtoto na banjo la kopo wanasema anaiga gitaa la wazungu kwa vile hana hela. Banjo limetoka Afrika. Huko Senegambia Wajola bado wanapiga akonting, kibuyu kilichofunikwa ngozi, fimbo ndefu imepita ndani yake, nyuzi tatu, mmoja mfupi. Watu waliouzwa utumwani walivuka bahari bila chochote mkononi ila wakawa wanajua namna ya kutengeneza, wakifika visiwa vya Karibiani na Marekani wakaokota kibuyu, wakaokota ngozi, wakaunda upya. Mwishoni mwa miaka ya 1680 daktari mmoja mzaliwa wa Ireland, Hans Sloane, akiwa Jamaica aliviona vyombo hivyo vya vibuyu mikononi mwa watumwa na akaandika habari zake. Kuna kimoja kilichochukuliwa Suriname miaka ya 1770 mpaka leo kimehifadhiwa Leiden, Uholanzi, na wanaohesabu mambo hayo wanasema ni miongoni mwa mabanjo ya zamani kabisa yaliyobaki duniani. Viwanda vilikuja baadae sana. Kwaiyo kibuyu, ngozi na fimbo, ukiwa Mgogo unajua unaangalia nini hapo, huyo ni ndugu wa zeze. Mtoto wa Chang'ombe mwenye kopo yuko karibu na banjo la asili kuliko mtu aliyenunua la dukani.

Turudi kwenye vifaa.

Kwa mwili wa banjo mimi napenda zaidi ndoo ya rangi ya lita 20 kuliko kopo la lita 4. Mdomo wake una upana wa sentimita 28 hadi 30, na banjo la kawaida la kiwandani ngozi yake ni sentimita 28, kwaiyo hapo umeshapata kipimo bila kuhangaika. Kata ubakize ule mdomo mnene na sentimita 7 hivi chini yake, usiukate mdomo wenyewe, ndo mfupa wa ndoo. Sufuria la alumini lililotoboka ni zuri zaidi, toa kitako unabaki na pete ngumu ambayo haikunjiki. Kibuyu kikubwa bado ni mfalme kwa sauti laini. Debe la mafuta la pembe nne nalo linafaa, ila ubavu wake mpana huwa unatikisika wenyewe na kuleta kelele, gundisha kijiti kwa ndani kukatiza. Kingo za bati zipigwe nyundo zikunjwe ndani kabla mtoto hajashika, sio baada. Na madumu ya dawa ya kuogeshea mifugo au ya kuulia wadudu yaacheni kabisa, hata ukiosha mara kumi, kifaa hiki kinakaa kifuani na karibu na mdomo wa mtu.

Ngozi. Ya mbuzi ndo inafaa, na Dodoma mbuzi hatuna shida, Jumamosi pale mnada wa Msalato ukiwahi unapata mbichi kwa bei ya maelewano. Chagua ya mbuzi mdogo, nyembamba, isiyo na kovu. Loweka usiku mmoja, kwangua manyoya kwa wembe au kipande cha chupa taratibu, itandike ikiwa imelowa juu ya mdomo wa ndoo, ifunge kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ukizungusha mara nyingi au pigilia misumari midogo kama ni pete ya mbao. Sasa sikiliza hapa vizuri. Usiivute kwa nguvu zako zote ikiwa imelowa. Ngozi inajikaza yenyewe ikikauka, na ukiwa umeshaivuta mpaka mwisho hapo ndo inapasuka usiku unasikia "paa" chumba cha pili, au inavuta ndoo ya plastiki mpaka inakuwa na umbo la yai. Ivute iwe tambarare isiwe na makunyanzi, basi, afu iache kivulini siku mbili tatu. Juani hapana, kwa jua letu hili na ule upepo upande mmoja unakauka kabla ya mwingine.

Kuna mbadala mzuri wa ngozi ambao watu wengi wanao kabatini na hawajui, picha ya eksirei. Ile filamu ni plastiki ya aina ya poliesta, na ngozi za kiwandani za ngoma na banjo zilizoanza kushika soko mwishoni mwa miaka ya 1950 nazo ni poliesta. Unene unatofautiana ila familia ni moja. Haijali mvua, haijali kiangazi. Ubaya wake haijikazi yenyewe kama ngozi, lazima uibane kwa pete ya bati na skrubu na uwe na subira ya kukaza kidogo kidogo kila upande, kama unavofunga nati za gurudumu la gari, moja halafu ya mkabala wake. Tyubu ya baiskeli usiitumie kama ngozi, mpira unakula sauti, kazi yake ni kufunga tu.

Na kama hutaki ngozi wala filamu, kitako cha kopo chenyewe kinaweza kuwa uso wa banjo kama alivofanya mpwa wangu. Sauti itakuwa ya bati, kali, inalia kidogo. Chagua kopo ambalo kitako hakina zile duara zilizopigwa chapa ndani yake, mana zile zimewekwa makusudi kulifanya bati liwe gumu lisitikisike, na wewe unataka litikisike.

Mimi mwenyewe natumia ngozi ya mbuzi pamoja na usumbufu wake wote. Mvua ikianza Desemba mpaka inapoisha Aprili, ngozi inakunywa unyevu, inalegea, daraja linazama, nyuzi zinashuka na sauti inakuwa ya usingizi. Kiangazi cha Julai na Agosti ikifika inakuwa imekaza kama kioo na banjo lote linapanda. Sio ugonjwa huo. Kina mama wa muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, hawajawahi kulalamika, wanasogeza ngoma karibu na moto wa majani dakika kadhaa, wanagonga wanasikiliza, wanarudi uwanjani. Banjo la ngozi linatunzwa hivo hivo, ila mbali kidogo na moto kwa sababu ya gundi na plastiki.

Sasa nyuzi, na hapa ndo kwenye mkanganyiko mkubwa kwa sababu kila mtu anakuja na nadharia yake, huyu anasema waya ukiwa mnene ndo unalia, yule anasema kaza mpaka mwisho. Kuna mambo matatu tu yanayoamua uzi utalia noti gani, urefu, uzito na mvuto, na hayafanyi kazi kwa kiwango sawa. Padri mmoja Mfaransa, Marin Mersenne, aliyaandika mwaka 1636 na hayajabadilika. Ukiukata urefu nusu, noti inapanda oktava nzima, yaani kutoka do ya chini kwenda do ya juu. Ukiongeza unene mara mbili kwa waya wa aina ile ile, noti inashuka oktava. Ila ukitaka kupanda oktava kwa kukaza tu, lazima mvuto uwe mara nne. Mara nne! Ndo mana mtu akiwa na uzi uliolegea anataka kuupandisha kwa kigingi peke yake unakatika. Hajakosea kukaza, amekosea urefu au unene toka mwanzo.

Chukua mfano wa kweli. Waya wa breki ya baiskeli ni kamba iliyosokotwa kwa nyuzi ndogo ndogo, ukiifumua mara nyingi unapata nyuzi za unene wa milimita 0.3 hivi. Weka mmoja kwenye banjo la urefu wa sentimita 60 kutoka juu ya shingo mpaka darajani. Ukiutyuni mitikisiko 196 kwa sekunde, ile noti ya uzi wa tatu wa gitaa, utavuta kilo 3 hivi, uko salama umetulia. Ukipanda mpaka mitikisiko 294, ambayo ni kama kutoka do kwenda so, tayari unavuta kilo 7. Ukikaribia kilo 10 rudisha uso nyuma, waya ukikatika unaruka na nimeshaona shavu limechanika. Mpwa wangu aliogopa kukatika kwaiyo aliuacha umelegea kwenye lile banjo la pili, na uzi uliolegea hauna nguvu ya kulisukuma daraja, unapepea tu na kugonga shingo. Kumbe hakuhitaji kuogopa, kilo 4 au 5 kwa waya ule ni mahali pazuri sana.

Shida ya waya wa breki ni kwamba umesokotwa, kwaiyo una mawimbi. Uzi wenye mawimbi uzito wake hauko sawa njia nzima na noti zake zinakuwa za uongo uongo hata freti, vile vijiti vya kukatiza shingo unapobonyezea uzi, zikiwa sahihi. Funga ncha moja kwenye nguzo, ncha nyingine kwenye kipande cha mti, vuta kwa nguvu huku unaupitishia kitambaa mara nyingi. Ukikataa kunyooka achana nao.

Mshipi wa kuvulia samaki ni rafiki wa fundi maskini na mimi nausifia bila aibu. Wavuvi wa Mtera na Hombolo wanautumia, madukani unauzwa kwa unene. Mshipi wa milimita 0.8 uzito wake kwa mita ni karibu sawa na ule waya wa milimita 0.3, kwaiyo unakaa kwenye mvuto ule ule na noti ile ile, ila sauti yake ni laini, ya mviringo, na haikati vidole vya mtoto. Siku tatu nne za mwanzo utakuwa unashuka kila saa mana nailoni inanyooka, usikate tamaa, endelea kuukaza utatulia. Kwa nyuzi nne nunua unene tofauti, mfano 0.7, 0.8, 0.9 na 1.0, mnene uwe wa noti ya chini, usilazimishe unene mmoja ufanye kazi zote.

Vigingi sitakaa sana. Chonga vya mti mgumu vinavyopungua unene kama karoti, tundu nalo lipungue hivo hivo, paka chaki vikiteleza na sabuni vikigoma. Nati na bolti zinafanya kazi pia.

Kabla sijafika kwenye freti kuna hili la mlio wa "zzz". Kuna zzz mbaya na zzz nzuri. Mbaya ni ya uzi unaogonga freti, kigingi kilicholegea, msumari unaocheza, hiyo itafute kwa kugusa sehemu moja moja kwa kidole huku mwenzio anapiga mpaka inyamaze. Nzuri ni ile ya makusudi. Ilimba, ile marimba ya Wagogo ya kupiga kwa vidole gumba, ina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui ili kila noti itoke na mvumo wake, mtu wa studio akiisikia mara ya kwanza anadhani spika imeungua, kumbe bila ule mvumo ilimba inakuwa kama chakula hakijatiwa chumvi. Kwaiyo ukining'iniza vifuniko viwili vya soda vilivyopondwa kwenye kichwa cha banjo lako usimruhusu mtu akuambie umeharibu sauti.

Haya, freti. Yale mabanjo yote mawili ya mpwa wangu, pamoja na lile zuri, yalikuwa na kosa jingine linalofanana, alipima shingo kwa rula akaweka freti kila baada ya sentimita 3, sawasawa kama ngazi. Uzi mtupu ulikuwa unalia vizuri, ukibonyeza freti ya tano unasikia kabisa kuna mtu anaimba pembeni ya kwaya.

Noti hazipandi kwa kutoa sentimita zile zile. Zinapanda kwa kutoa sehemu ile ile ya kilichobaki. Wanaokopa kwenye vikundi wanaijua ile riba inayohesabiwa kwenye salio, deni likipungua na riba inapungua, hata asilimia ikiwa ni ile ile. Freti ni hivo hivo. Kila hatua ya nusu noti unalipa sehemu moja ya 17.817 ya urefu uliobaki mpaka darajani. Banjo la sentimita 60, gawanya 60 kwa 17.817 unapata 3.37, weka freti ya kwanza. Imebaki 56.63, gawanya tena unapata 3.18, freti ya pili. Ya tatu 3.00. Zinaendelea kusogeleana, na ukifika ya kumi na mbili uko sentimita 30 kamili, nusu ya uzi, oktava. Isipoangukia nusu umekosea hesabu mahali, rudi nyuma. Tumia spoku za baiskeli au vijiti vya mwavuli mbovu, vizamishe nusu kwenye mfereji uliokatwa kwa msumeno wa chuma. Na daraja lisogeze nyuma milimita mbili hivi, mana ukibonyeza uzi unauvuta kidogo na noti inapanda kuliko hesabu.

Hiyo ndo njia ya gitaa, na kama unataka kupiga bongofleva au nyimbo za kwaya na kinanda ifuate. Lakini niliwahi kumpelekea babu mmoja Chamwino banjo langu la freti nikiwa na fahari nalo, nikamwamkia "mbukwenyi babu", akalipokea, akapiga dakika kama tano, akanirudishia kwa upole akasema, "Mjukuu wangu, hili linaimba, ila haliimbi kwetu."

Ilinichukua muda kuelewa. Ngazi ya noti za Kigogo haikutokana na kugawa oktava vipande 12 vinavyolingana. Imetoka kwenye uzi wenyewe. Gusa uzi kidogo tu bila kuubonyeza, kwenye nusu yake, theluthi yake, robo yake, moja ya tano yake, utasikia noti nyembamba kama filimbi zimejificha humo. Watafiti kama Gerhard Kubik na Polo Vallejo waliochunguza muziki wa Wagogo wameandika kwamba noti zao zinafuata mpangilio huo wa asili, ile ya nne (ndo ya kwenye robo ya uzi), ya tano, ya sita, ya saba, ya nane na ya tisa. Kwa lugha ya kwaya ni kama do, mi, so, ti iliyoshushwa, do, re. Ukimsikiliza marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doduma na kufundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo mpaka akazunguka dunia na zeze na ilimba yake kabla ya kufariki mwaka 2003, hizo ndo noti unazosikia, kwenye uzi na kwenye koo.

Zile mi na ti zake hazipo kwenye gitaa. Mi ya asili iko chini ya mi ya gitaa kwa senti 14, na ile ti iko chini kwa senti 31, ambapo nusu noti nzima ni senti 100. Karibu theluthi ya nusu noti, sikio la mzee wa Chamwino haliwezi kupitwa na hiyo. Programu ya kutyuni kwenye simu itakuambia umekosea. Haujakosea.

Kwa bahati hesabu yake ni rahisi kuliko ya gitaa, hakuna hata 17.817. Kwenye uzi wa sentimita 60 pima kutoka juu ya shingo, mi iko sentimita 12, so iko 20, ti iko 25.7, do ya juu 30, re ya juu 33.3. Linganisha na gitaa ambapo mi ingekuwa 12.4 na ti ingekuwa 26.3. Milimita 4, milimita 6, ndo umbali wote kati ya "linaimba" na "linaimba kwetu".

Zeze la Kigogo halina freti, kidole cha mpigaji kinajua pa kukaa. Kwa mtoto anayeanza mimi nafunga freti za mshipi, nazungusha mara mbili kwenye shingo napiga fundo nyuma, zinasogea kwa kidole gumba. Lile banjo la mpwa wangu tuling'oa spoku zote tukaziba mifereji kwa unga wa mbao na gundi, tukafunga mishipi mitano. Nne zilikaa pale pale rula iliposema. Ile ya ti alikuwa anaisogeza mwenyewe, juu kidogo, chini kidogo, anaimba anapiga, anaimba tena, bibi yake yuko jikoni anapeta mtama hasemi kitu, mpaka ghafla bibi akaitikia kutoka kule ndani. Hapo hapo nikamwambia, kaza fundo.